Mrejesho: nimeshajua maana ya zap1 lap1

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu zap1 lap1 (執笠), neno la Kikantoni ambalo wauza mabegi wa hapa Guangzhou wanalirusha kila saa na ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata kuokota kofia ya mianzi, haliingii akilini kabisa. Aliyenielekeza words.hk Mungu ambariki, ile kamusi ina maana, matamshi na sentensi za mfano, hizo namba ndo toni. Kumbe ni biashara kufa, duka kufungwa moja kwa moja. Utamu uko hapa: jambo likishatokea wanalipasua neno katikati wanachomeka zo2, inakuwa zap1 zo2 lap1, ndo maana sikio langu lilikuwa halilinasi. Ni la mazungumzo tu, na usimtamkie mwenye duka usoni, ni kama unamtakia mkosi. Kimandarini wanasema dǎobì, maana ile ile ila neno tofauti kabisa. Halafu kuna zau2 gwai2, wamachinga wa Hong Kong wakipiga kelele hiyo jua maofisa wanakuja, kama vile "mgambo!" ya Kariakoo, hilo nimelipenda mno. Mwenye mengine ya sokoni ashushe, yote naandika kwenye daftari.