Tafakuri za wanafunzi zinafanana zote: nifanyeje?

Mhadhiri, Dodoma
Wanataaluma wenzangu, habari za kazi. Nafundisha stadi za kompyuta kwa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa kwanza, na baada ya kila kazi ya vitendo huwataka waandike ukurasa mmoja wa kutafakari walichokifanya. Chati wanachora na mafaili wanapakia Moodle, mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, bila taabu, lakini tafakuri ni maneno yale yale, "nimejifunza mengi, nitaongeza bidii", na nyingine ni dhahiri zimeandikwa na akili unde. Niliwafundisha mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, mwongozo wa kutafakari wenye hatua sita, kuanzia kueleza kilichotokea hadi kupanga utakachofanya baadaye, nao wanaujaza kama fomu ya benki. Nifanyeje?

Mkufunzi wa jiografia
Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Nadhani unawaomba watafakari kazi iliyokwenda vizuri, ambayo haikumkwamisha mtu popote. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alikwisha kueleza mwaka 1910 kwamba kufikiri huanza pale mtu anapotatizika. Mimi niliwapa takwimu za mvua za kila mwezi za Dodoma wachore chati ya mvua ya kila mwaka. Wote walijumlisha Januari hadi Desemba, kwa kuwa ndivyo programu ilivyopanga tarehe. Nikawauliza kama mkulima wa mtama wa Chamwino huhesabu mwaka wake hivyo. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, unaoanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, kwa hiyo chati zao zilikuwa zimekata kila msimu vipande viwili, kisha zikaunganisha mwisho wa msimu mmoja na mwanzo wa mwingine. Darasa lilinyamaza. Walirudia kwa kuhesabu Julai hadi Juni, na mmoja akaandika kwamba amekua akilima na bibi yake Kongwa, msimu anaujua vizuri, ila alipokaa mbele ya kompyuta hakuukumbuka kabisa. Sentensi hiyo bado ninayo.

Mratibu wa masomo ya mtandaoni
Naunga mkono, na naongeza jambo moja: wasifute faili la kwanza. Wawasilishe lile lenye kosa pamoja na lililosahihishwa, na tafakuri ieleze kilichowafanya wabadilishe. Kisha mwite kila mmoja akueleze kwa mdomo kwa dakika tano. Aliyeandikiwa na mashine atakwama mapema.

Mhadhiri msaidizi
Kwa heshima, mratibu, dakika tano kwa darasa la watu 300 ni saa 25. Waelezane wawili wawili kwenye semina, nawe usikilize wachache. Pia kosa la faili la kwanza lisipunguziwe alama, la sivyo watatengeneza kosa la uongo la kukuonyesha.

Mhadhiri, Dodoma
Nashukuru sana. Hilo la alama ndilo lililonigusa, kwa maana mpaka sasa nimekuwa nikikata. Jumatatu nitaanza na takwimu za mvua na semina za wawili wawili.