Van ya dizeli ya mkononi inasumbua kuwaka asubuhi, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nimenunua van ya dizeli ya mkononi, leo wiki ya pili. Injini ina nguvu na haichemshi, ila kuna vijimambo vinaninyima usingizi.

Kikubwa ni kuwaka asubuhi. Nafungua swichi, nasubiri taa ya hita izime, napiga stata mara tatu nne ndipo inashika, tena kwa kutetemeka na moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi. Ikishapata moto, mchana kutwa inawaka kwa mguso mmoja.

Fundi wa kwanza kasema plagi za hita (zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zimekufa. Wa pili, bila hata kuinama, kasema inavuta upepo, yaani hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Jana nikabonyeza ile pampu ya mkono ya kusukuma dizeli, juu ya filta: ilikuwa laini kabisa, ikakaza baada ya mara kumi hivi, na gari ikawaka afadhali kidogo. Chini ya klipu moja ya mpira wa dizeli nikakuta unyevu ulioshika vumbi.

Je, naweza kuzipima plagi bila kuzifungua? Naogopa isije moja ikakatikia ndani ya silinda hedi, hapo ndipo kilio kitakapoanza. Au nianze na mipira na klipu, maana ni kazi nyepesi?

Mlango wa pembeni nao unakwama, rola ya chini imelika, lakini huo nitapambana nao mwenyewe.

Aliyepitia hili anijuze alianzia wapi.