Hivi Jenerali Erskine wa vita vya Mau Mau alikuwa mtu wa aina gani?

Kijana_wa_Tanga:
Wakuu habari za jioni. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika), kwenye zile batalioni za Tanganyika zilizopelekwa Kenya kupigana na Mau Mau, na jina la Erskine, jenerali wa Kiingereza aliyewaongoza huko, alilitaja mpaka anafariki. Nimeanza kufuatilia mwenyewe, nakuta wanaandika Operesheni Anvil halafu basi. Nataka kujua huyu mzee alitokea wapi, alikuwa na mke, na masetla (walowezi wa kizungu) waliishi naye vipi. Mwenye kujua anijuze.

Msomaji254:
Mkuu swali zuri. Alizaliwa 1899, jeshini akaingia 1918. Vita ya pili ya dunia alipewa divisheni ya 7 ya vifaru, akapigana Afrika Kaskazini na Italia, lakini Normandy kule Ufaransa mambo yakamwendea mrama, kwenye mji wa Villers-Bocage Wajerumani waliwachoma vifaru vibaya sana, na Agosti 1944 akaondolewa. Aliondolewa siku zile zile na Brigedia Hinde aliyekuwa chini yake. Sasa huyu Hinde ndiye aliyetumwa Kenya mapema 1953 kuongoza operesheni, na Juni mwaka huo Erskine akaja juu yake tena, yaani watu wale wale wamekutana Nairobi.

Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa majeshi ya Waingereza Misri, na vijana wake ndio walioshambulia kambi ya polisi Ismailia tarehe 25 Januari 1952, polisi wa Kimisri karibu 50 wakafa na kesho yake Cairo ikawaka moto. Kwa hiyo Kenya hakuja mgeni wa kazi hizi. Churchill alimpa barua ya kumruhusu kutangaza sheria ya kijeshi akiona inafaa, akawa anaiweka kwenye kasha la miwani, kikaoni masetla wakizidi kelele analifungua na kulifunga pap, wanajua kilichomo.

Binti_wa_Muranga:
Kuhusu mke, alikuwa naye, na barua alizomwandikia zimehifadhiwa jumba la makumbusho ya vita London. Humo ndo utamjua, masetla aliwadharau kabisa. Tena alipofika tu Juni 1953 alitoa amri askari waache kupiga watu, na Kapteni Griffiths wa KAR alishtakiwa, kesi ya kwanza akaachiwa, ya pili 1954 akafungwa.

Lakini jamani tusimsafishe kwa sababu ya barua. Tarehe 24 Aprili 1954, ndiyo hiyo Operesheni Anvil, aliizingira Nairobi yote, nyumba kwa nyumba, watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambi za kizuizini za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Baba anatoka asubuhi kwenda kazini na harudi, mama na watoto wanarudishwa reserve (maeneo waliyotengewa Waafrika) kwa lori. Shosho (bibi) wangu alinihadithia nyumba zao zilichomwa wakahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki lililochomekwa miti iliyochongwa, wakalichimba wenyewe wanawake, zaidi ya watu milioni moja waliwekwa kwenye vijiji hivyo. Mimi nikisoma kwamba jenerali alikaa mezani anamwandikia mkewe habari za nyumbani nawaza tu shosho hakupata hata karatasi moja kutoka kwa mumewe, na hakujua yuko kambi gani.

Kijana_wa_Tanga:
Dada umenigusa. Babu alisema walisimama barabarani siku mbili wakikagua vipande (vitambulisho vya Waafrika), na hakupenda kuizungumzia. Erskine aliishia wapi?

Msomaji254:
Aliondoka Mei 1955, nafasi yake akaja Jenerali Lathbury, yule aliyejeruhiwa Arnhem kule Uholanzi vita ya pili akashikwa na Wajerumani kisha akatoroka. Erskine akapewa komandi ya kusini mwa Uingereza, halafu kuanzia 1958 akawa mwakilishi wa Malkia kisiwani Jersey mpaka 1963. Alifariki 1965.

Binti_wa_Muranga:
Guka (babu yangu, mume wa shosho) alitoka Manyani 1958. Mtoto wake wa mwisho, ambaye ni mamangu, alikuwa na miaka minne na alimkimbia, hakumjua.