Machi ya Byrd inavuruga ikipulizwa na bendi, msaada wakuu

Mpuliza_Honi: Wakuu, naomba ushauri. Nimeiandikia bendi yetu "The Earle of Oxford's March", machi (muziki wa gwaride) ya William Byrd, mtunzi wa kale wa Uingereza, kutoka nota za virginali (kinanda cha kale cha kudonoa waya) za mkusanyo wa Fitzwilliam Virginal Book. Kwenye kinanda inapendeza. Bendi ikipuliza, chini panavuruga, juu panakwama. Mazoezi ya mwisho ni Ijumaa.

Besi_Nzito: Angalia mkono wa kushoto. Waya wa virginali ukidonolewa hufifia upesi, kwa hiyo akodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzito ya chini haisumbui. Tuba haififii. Iachie noti ya msingi tu. Noti ya tatu ya akodi ipandishe oktava, wape tromboni ya pili au honi.

Nota_Safi: Mimi naona tatizo ni mapambo. Vile vistari viwili vinavyokata shina la noti husaidia waya usinyamaze. Klarineti inashika noti yenyewe. Futa vingi, bakiza kwenye vituo (miisho ya vifungu). Na ukikuta F ya kawaida inagongana na F shapu (iliyopandishwa nusu toni), usirekebishe! Ndiyo ladha ya Waingereza wa enzi hizo. Inaniuma watu wanavyousafisha muziki huu mpaka unapoteza sura.

Kinanda_Kale: Doh ni ngapi, yaani wimbo uko ufunguo gani? Klarineti ngapi?

Mpuliza_Honi: Doh ni G, kama asili. Klarineti zipo.

Kinanda_Kale: Zipo ngapi?

Mpuliza_Honi: Tatu. Ndiyo maana mbio za semikwava (noti fupi za haraka) nimewapa tarumbeta. Kitabu cha 1591 cha nota za Byrd, My Ladye Nevells Booke, kinaiita machi ya kabla ya vita, kwa hiyo tarumbeta ndiyo mahali pake. Na karatasi nimeshachapisha.

Mzee_Tempo: Hii chai. Mtu anayekijua kitabu cha 1591 aandike kwa Doh G, inayowapa tarumbeta shapu tatu na saksafoni alto shapu nne? Weka hapa akodi ya kwanza ya tuba.

Mpuliza_Honi: Si chai mkuu. Tuba ya pili G ya mstari wa chini, ya kwanza B iliyo juu yake.

Besi_Nzito: Basi ni kweli. Na tope lako ni hiyo B.

Kinanda_Kale: Shusha Doh iwe F. Klarineti na tarumbeta wanabaki na shapu moja, alto mbili, honi hawana. Mbio wape klarineti na filimbi wakipokezana kila baa mbili. Anayeacha amalizie kwenye pigo la kwanza la anayepokea, la sivyo pumzi itasikika kama shimo. Byrd hakuweka alama za nguvu, kwa hiyo sauti ikue kwa kuongeza watu: filimbi na klarineti, kisha honi, kisha tromboni. Tarumbeta waingie kwenye marudio, midomo ikiwa bado mibichi.

Mpuliza_Honi: Lakini tarumbeta wameshaizoea G.

Nota_Safi: Chapisha upya leo. Karatasi ya honi ikague kwa macho yako: programu ikihamisha Doh, mara nyingi B flati huandikwa A shapu, ambayo ni sauti ileile, na mpigaji anasita papo hapo.