Tupeane uzoefu: Umewahi kukutana na mnyama mkali ukiwa unavua usiku?

Upondo
Wakuu, habari za usiku. Leo mwanangu wa miaka 12 kaniomba nimpeleke kuvua kambale usiku, kama nilivyokuwa nikienda mimi. Nikanyamaza, maana mwili ulinisisimka.

Ilikuwa 2016, natoka kutega ndoana mto Rufiji, si mbali na Utete. Njia za viboko mnazijua: mifereji miwili, katikati tuta la majani. Nikaona uvivu kupenya kwenye matete, nikashika njia yao. Tochi betri zimelegea. Mbele nasikia majani yanakatwa, kwap, kwap, nikajua ng'ombe. Ng'ombe gani saa nane usiku? Ile nainua tochi, namwona ubavu mzima, na mimi ndiye niliyesimama kati yake na maji.

Alitoa pumzi moja tu. Nikajitupa kwenye matete. Alipita hatua mbili kutoka kichwani kwangu, tope likanirukia usoni, ardhi inatikisika hadi nikasikia ameingia majini. Ndoo ya kambale nilikuwa nimeiacha njiani. Asubuhi niliikuta bapa kama sahani.

Aliyewahi kukutana na kiboko, mamba, simba au chui akiwa anavua usiku atupe kisa chake. Nataka nijue cha kumwambia huyu mtoto.

Mtoto wa Mtera
Kiboko ukimkata njia ya kurudi majini umekwisha. Mshukuru Mungu mkuu.

Kando ya Ziwa
Hapa kwetu Naivasha tangu maji yapande 2020 na kumeza mashamba na manyumba, kiboko hungoji kumfuata ziwani, anakuja mpaka langoni. Tunaovua kwa miguu ndani ya maji ndio tunaumia. Mwenzangu aliumwa paja, akaishi, lakini leo anatembea na gongo.

Karabai
Mimi ni wa dagaa, Ukerewe. Tunatoka giza, mbalamwezi ikiingia tunapumzika, kwa hiyo usiku ndiyo kazi yetu. Mamba nimemwona mara nyingi. Ukimulika, macho yake mekundu kama makaa. Yakiwa mawili, anakutazama. Likiwa moja, amekupa ubavu. Ushauri: gonga mtumbwi kwa kasia unapoenda, wanyama wajue upo.

Mtoto wa Mtera
Hapana. Sisi kwa viboko tunakaa kimya kabisa. Ukigonga unawachokoza.

Karabai
Ukikaa kimya anaibukia chini ya mtumbwi. Nimezika watu wawili kwa hiyo "kimya".

Ng'ambo ya Mto
Kisa changu sijawahi kukiandika popote. Nimesoma cha Upondo nikashindwa kulala.

Rufiji, 2003, enzi za Osama, yule simba mla watu. Wa kwetu wameshanielewa. Nilikuwa na miaka 13. Mjomba wangu, tumbo moja na mama, alinichukua likizo nikamsaidie nyavu za perege kwenye ziwa moja ng'ambo. Watu walikuwa wameshajaa hofu, saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani, haja ndogo mnamalizia kwenye ndoo. Lakini mjomba alikuwa anadaiwa, na nyavu ukizichelewesha mamba anazichana. Akasema tunategua, tunarudi.

Mwezi ulikuwa umepevuka siku tatu nyuma, kwa hiyo jioni ile haujachomoza, giza zito. Tulitegua vizuri. Mjomba akashuka ukingoni kupara samaki, mimi nikabaki mtumbwini nakunja nyavu. Namwona hadi leo: amechuchumaa, magamba yamemganda mikononi, yanametameta kwa mwanga wa kibatari. Akaniambia, "Mjomba, nipe hilo tenga."

Nikageuka kuchukua tenga. Niliporudisha uso, kibatari kimelala chini na yeye hayupo. Hakuna mngurumo. Matete tu yanavunjika kuelekea juu, na sauti yake mara moja, akiniita jina langu.

Nilichoma upondo, nikasukuma hadi katikati ya ziwa. Na katikati ndiko waliko viboko. Nasikia pumzi zao kushoto, kulia, karibu kabisa. Nikakaa chini ndani ya mtumbwi, nimeukumbatia upondo. Mbele siwezi, nyuma siwezi.

Mwezi ulipotoka nikamwona. Alirudi ukingoni kunywa. Dume, hana manyoya shingoni. Alikunywa muda mrefu, nasikia ulimi unapiga maji, tap, tap, tap, kama mbwa wa nyumbani. Kisha akainua kichwa akanitazama.

Wazee walikuja kulipopambazuka, na mikuki na mapanga, na askari wa wanyamapori mmoja. Walinivuta kwa kamba. Vidole vilikuwa haviuachii upondo, ikabidi wavibandue kimoja kimoja.

Mtoto wa Mtera
Aisee. Pole sana kaka.

Kando ya Ziwa
Pole sana ndugu yangu. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Jicho Kali
Hii chai. Dume la simba halina manyoya? Na simba na maji wapi na wapi?

Binti Ndengereko
Jicho Kali, mtu anaandika kifo cha mjomba wake wewe unamwita mwongo. Mimi nimezaliwa huko. Osama mwenyewe alikuwa dume changa lisilo na manyoya. Aliua watu wasiopungua 35 kuanzia 2002, akauawa Aprili 2004, akakutwa gego limepasuka na jipu kubwa chini yake. Sisemi huyo wa kisa hiki ndiye, lakini manyoya hayana ushahidi wowote. Na simba anaogelea.

Hilo la mwezi pia ni kweli. Watafiti walichambua mashambulizi ya simba hapa Tanzania, wakatoa matokeo 2011: watu wengi huliwa siku zinazofuata mwezi mpevu, zile jioni mwezi unapochelewa. Bibi zetu walikuwa wanatuingiza ndani siku hizo bila kusoma utafiti wa mtu. Tatizo nguruwe pori. Wanakuja kula mpunga na mahindi, mama anashinda usiku kucha kwenye dungu kulinda shamba, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mama.

Jicho Kali
Kuuliza si kosa. Ila kama nimemuumiza mwenye kisa, nisamehe.

Kifungu cha Sheria
Familia ilipata kifuta machozi? Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo. Ila mkikutwa mlikuwa mnavua ndani ya hifadhi hamlipwi, na hapo serikali ina haki.

Binti Ndengereko
Nani kakwambia walikuwa hifadhini? Na milioni moja kwa baba wa watoto wanne ni haki ya wapi?

Kifungu cha Sheria
Nimesema sheria inavyosema, sikusema inatosha.

Karabai
Mto ulikuwepo kabla ya mpaka. Nimemaliza.

Baridi Tupu
Niko Colorado, Marekani. Huku kuna puma, wenyewe wanamwita simba wa milimani. Nilikuwa navua trauti, jua limezama, nikahisi natazamwa. Namulika ng'ambo ya kijito, macho ya kijani, hatua kama ishirini. Wenyeji walinifundisha: usikimbie, usiiname, usimpe mgongo. Inua mikono uonekane mkubwa, paza sauti, akikurukia pigana naye. Nilipiga kelele kwa Kihaya hadi akaondoka. Kinachotuponza wavuvi ni kule kuchuchumaa, mnyama anakuona mdogo.

Mtoto wa Mtera
Ukimwinulia kiboko mikono hivyo tutakuja matanga. Kiboko mpishe njia, panda mti au kichuguu.

Upondo
Kichuguu nilichonacho karibu ndiko anakoishi fira. Lakini nimewaelewa. Huyu mtoto nitampeleka mchana, na nitamwonyesha njia za viboko kwanza, kinyesi chao walichokirusha vichakani kwa mkia, ajue wanapopita. Usiku bado.

Baridi Tupu
Ng'ambo ya Mto, kama haikuumizi, ulirudi tena kuvua?

Ng'ambo ya Mto
Sijawahi. Naishi Dar, nauza vifaa vya umeme. Ila kuna kitu hamjaniuliza. Ule mtumbwi babu aliurudisha baada ya siku tatu, na zile nyavu nilizokuwa nakunja zilikuwa bado ndani, na perege walioganda kwenye matundu. Chini yake kulikuwa na kandambili za mjomba, amezivua mwenyewe kabla hajashuka, amezipanga pamoja, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba. Mama anazo hadi leo.