Naombeni ushauri: mwanangu anacheza gemu la "mungu wa vita", ustadhi anasema nilitoe nyumbani

Baba Korosho (Newala)

Salaam wakuu. Baada ya mnada wa korosho nilimnunulia mwanangu wa kidato cha pili PS4 ya mtumba, nilikuwa nimemwahidi akifaulu. Kuna gemu moja habanduki, God of War, yaani mungu wa vita. Lina jitu la upara na ndevu, mwili mweupe kama limejipaka majivu, linazunguka na shoka na mwanawe.

Juzi tunakula akaniuliza, "Baba, huyu Baldur wa kwenye gemu alikuwepo kweli?" Sikuwa na jibu. Akaenda kumuuliza ustadhi wake, na ustadhi akaja nyumbani, kwa upole kabisa, akasema gemu hilo ni mlango wa shirki. Mama yangu naye tangu asikie hilo jina hapiti sebuleni TV ikiwa imewashwa.

Ustadhi namheshimu, na mimi nimesoma kwake. Ila mtoto huyu hajawahi kufungua kitabu bila kusukumwa, na sasa ananiuliza habari za Wagiriki wa kale. Nifanyeje?

Padi Mbili (Mtwara mjini)

Mkuu, nimelicheza tangu lile la kwanza la 2005. Umeona vizuri, yale ni majivu kweli. Kratos, hilo jitu la upara, alilaghaiwa na Ares, mungu wa vita wa Wagiriki, akaua mke wake na binti yake, na majivu yao yakaganda mwilini mwake. Kisa hicho kinafanana na cha Heracles, shujaa wa Wagiriki, ambaye mungu wa kike Hera alimtia wazimu akaua watoto wake, kisha akatumikishwa kazi kumi na mbili. Jina Kratos nalo ni la kale, maana yake nguvu. Katika tamthilia ya Aeschylus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, ndiye anayesimamia Prometheus anapofungwa jabalini kwa kosa la kuwapa wanadamu moto.

Hili la 2018 limehamia kwa watu wa kaskazini ya Ulaya. Baba na mwana wanapeleka majivu ya mama kileleni. Mimi nililicheza miezi michache baada ya kumzika mama yangu, na nililia. Usilitupe.

Bint Mjini Kilwa

Akikuuliza Baldur, mpe Liyongo. Baldur, mungu wa hao watu wa kaskazini, hadhuriki na kitu chochote isipokuwa mmea mmoja mdogo ambao mama yake aliudharau. Udhaifu wa Achilles wa Wagiriki ni kisigino. Wa Fumo Liyongo, shujaa wetu wa pwani, ni sindano ya shaba kitovuni, na siri aliitoa mwenyewe kwa mwanawe wa kumzaa, aliyekwisha kuahidiwa mke na mfalme wa Pate. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani bado yu hai.

Kaka, mwanao anaweza kukueleza habari za Baldur mwanzo hadi mwisho. Liyongo je, anamjua? Mimi hapo ndipo panaponiuma.

Mwanafunzi wa Mikindani

Shekhe wangu, ustadhi ana haki ya kuhofia, usimvunjie heshima. Lakini kutaja si kuabudu. Qur'ani yenyewe imewataja Lata, Uzza na Manata kwa majina, na katika Suratu Nuh yametajwa masanamu matano ya kaumu ile. Mtoto ajue kwamba watu waliabudu hivyo, na ajue kwa nini sisi hatuabudu. Mkae wote watatu, mtoto aulize mbele ya ustadhi.

Wasiwasi wangu mimi ni mwingine. Ulaya gemu hilo limewekewa alama ya miaka 18 kwa sababu ya damu. Wa kidato cha pili ana mingapi? Hilo la umri mbona hamligusi?

Wa Nandete

Naongeza jambo zito. Mtoto akishaelewa mwili usiodhurika, atakuja kuuliza vita vya Maji Maji. Kwetu Nandete ndipo pamba iling'olewa Julai 1905. Kinjekitile wa Ngarambe, inasimuliwa alizama kwenye bwawa la mto akatoka nguo kavu, akagawa maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 4 mwaka huohuo, na waliomwamini waliendelea kufa. Tafadhali, usimweke kapu moja na Baldur. Yule alikuwa mtu, na makaburi tunayo.

Bint Mjini Kilwa

Kweli kabisa, kaka. Babu yangu alikuwa akifika hapo kwenye simulizi ananyamaza.

Baba Korosho (Newala)

Ahsanteni sana. Nimefanya hivi: gemu nimelifungia mpaka akue, zile za mpira anaendelea nazo. Ustadhi amekubali kuja Ijumaa, na mtoto anaandika maswali yake kwenye daftari.

Halafu jana usiku nilimwomba mama amsimulie lile la mtu wa kwanza wa Kimakonde. Aliishi peke yake porini, haogi, akachonga sanamu la mti akalisimamisha nje, asubuhi akakuta mwanamke. Wakazaa mtoto kando ya mto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili akafa. Wakapanda tena mpaka kwenye kichaka kinene juu kabisa, wa tatu akaishi, ndiyo maana tupo huku kwenye nyanda za juu. Mama alisimulia kwa Kimakonde, nami nikamfafanulia mtoto pale alipokwama.

Leo alfajiri kabla ya shule nimemkuta amesimama pale ukingoni, anaangalia bonde la Ruvuma kule chini. Akaniuliza wale wawili wa kwanza walizikwa upande gani.