Kadi za Bibi: gumzo la kikundi chetu cha ukoo

*Jumapili, baada ya Isha*

Shangazi Mwanakombo: Assalaam alaykum wanangu. Eid imebaki wiki tatu. Nina neno. Mwaka jana mlimletea Mama kadi za dukani, nzuri, zinameremeta. Nikampa ya kwanza akaishika, akaniuliza "hii ya nani?" Nikamsomea. Ya pili, "na hii?" Ya tatu hakuuliza tena, aliiweka tu mapajani. Zote laini, zote sawasawa mkononi. Mnajua presha ya macho imeshachukua yote mawili, sasa anatofautisha mchana na usiku tu.

Salum: Waalaykum salaam Shangazi, shikamoo. Hilo sikulijua.

Shangazi Mwanakombo: Marahaba baba.

Zainab (Muscat): Shikamoo Shangazi. Ile ya dhahabu ilikuwa yangu 😢

Rukia: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Shangazi, umenigusa penyewe. Mwaka wa sita huu natengeneza kadi za harusi na za mchango hapa Temeke, na sijawahi kuwaza kadi ya kusomwa kwa vidole. Mwaka huu tusinunue. Kila mmoja achague ua lake moja, yaani pambo lolote analolipenda, alibinue kwenye karatasi lisimame, Bibi akipapasa ajue hii ya Salum, hii ya Zainab, bila kumuuliza mtu.

Mama Nasra: Hapo sawa kabisa wifi.

Zainab (Muscat): Dada, kubinua ndiyo kufanyaje? Mimi hata kuchora sijui.

Rukia: Huhitaji kujua kuchora. Nisikilize. Unakata kiolezo: ua lako unalikata tundu kwenye plastiki ngumu, kama lile jalada la faili au filamu kuukuu ya eksirei. Unakibandika kwa selotepu kwenye kioo cha dirisha mchana, mwanga upite. Juu yake unaweka karatasi, uso wa kadi ukiangalia kioo, mgongo ukikuangalia wewe. Tundu utaliona kwa mwanga. Sasa chukua kitu chenye ncha butu, kalamu iliyoisha wino au kroshia, upitishe taratibu ukingoni mwa tundu. Taratibu! Mara ya kwanza kama unapapasa, ya pili unakandamiza kidogo, ya tatu ndiyo unaingia hasa. Karatasi inazama tunduni. Ukigeuza, ua limesimama mbele.

Rukia: Na karatasi ndiyo roho ya kazi. Ya fotokopi ni gramu 80, itachanika. Tafuta manila ya gramu 200 mpaka 250. Ikizidi 300 mkono utachoka na ua halitapanda.

Baba Mdogo Athumani: Marahaba Rukia. Ukubwa gani, ili tusilete kila mtu na yake?

Rukia: Karatasi ya A4 uikate katikati, vipande viwili. Kila kipande ukikunja ni kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8, inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kubanwa. Lakini msikunje kwanza, fanyeni kazi karatasi ikiwa bapa.

Rukia: Halafu kitu kingine. Mimi kadi naipanga kama kanga. Pembeni pindo, katikati mji, chini jina, yaani ule msemo. Pindo tulibinue mistari miwili tu kuzunguka pande zote, kidole kijue kuwa hapa ndipo mwisho. Mji ndipo ua lako. Jina tutaliandika kwa wino, Shangazi atamsomea.

Shangazi Mwanakombo: Hapo mwanangu umempata. Mama kanga anaijua kuliko mimi ninavyojijua.

Salum: Mimi nachukua mnyororo wa milango ya Mji Mkongwe. Napita pale kila siku. Nitaweka karatasi nyepesi juu ya nakshi na kusugua kwa mkaa, umbo litoke lenyewe.

Zainab (Muscat): Mimi korosho 🙋🏽‍♀️

Rukia: Na mimi nanasi. Mama Nasra?

Mama Nasra: Nyota. Moja kubwa, nisijichanganye.

Salum: Dada Rukia, swali, nisieleweke vibaya. Kama Bibi haoni, wino na rangi tunatia za nini? Si tuache nyeupe tu?

Shangazi Mwanakombo: Salum. Kila asubuhi nikimvisha Mama, ananiuliza "leo nimevaa rangi gani?" Nikimwambia kijani, jirani akipita anamwambia "nimevaa kijani leo, unaionaje?" Anataka kujua amependeza. Kadi zake ataziweka juu ya meza ya mbele, wageni wa Eid wazione, na yeye atawaeleza. Tieni rangi baba.

Salum: Nimeelewa Shangazi. Nisamehe.

Shangazi Mwanakombo: Hujakosa kitu.

*Jumatano*

Salum: Jamani, yangu imelala. Jana mnyororo ulisimama vizuri, nikaufurahia. Nikachemsha chai nyeusi nzito, nikapaka mji wote upate rangi ya mbao. Leo asubuhi karatasi imekauka, mnyororo hauonekani. Ukipapasa ni kama uvumi.

Rukia: Ulianza mwisho ukamalizia mwanzo. Karatasi ni nyuzinyuzi. Ukikandamiza, unazikunja zikae ulivyotaka. Ukizilowesha, zinavimba na kulegea, zinarudi kulala kama hukuzigusa. Maji kwanza. Lowesha, paka chai yako, ikauke kabisa, kisha ilaze chini ya vitabu usiku mzima inyooke. Ndipo ubinue. Na ukishabinua, tone la maji lisiikaribie tena.

Salum: Na vitabu?

Rukia: Vitabu pia basi. Kitu kizito juu ya ua lililosimama utalilaza mwenyewe.

Mama Nasra: Mimi nimetumia bluu ya kufulia. Kijiko kidogo kwenye kikombe cha maji, nikachovya sponji. Imetoka kama bahari ya asubuhi.

Rukia: Tuma picha!

Mama Nasra: 📷

Rukia: MashaAllah. Hiyo usiiongeze chochote.

Zainab (Muscat): Mimi nilipaka manjano ya jikoni, njano nzuri ya dhahabu. Ila nilitoka kunawa, nikaishika na vidole vyenye sabuni, pale nilipogusa pamegeuka pekundu kama damu ya mzee. Nimeiharibu?

Baba Mdogo Athumani: Hujaiharibu. Manjano ikikutana na sabuni au magadi hubadilika nyekundu, ndiyo tabia yake. Tulikuwa tunawaonyesha watoto darasani.

Rukia: Tena fanya makusudi! Magadi kidogo kwenye maji, brashi nyembamba, chora pindo lako. Utapata pindo jekundu juu ya mji wa njano kwa dawa ya jikoni. Ila Zainab, manjano haipendi jua, inapauka. Kaa nayo kwenye bahasha, na Shangazi asiiweke dirishani.

Shangazi Mwanakombo: Nimesikia. Itakaa kabatini mwa vioo.

*Jumamosi*

Zainab (Muscat): Korosho imetoka vizuri sana alhamdulillah. Nikapata kiburi, nikasema nibinue na neno BIBI chini. Nimegeuza karatasi naona limeandikwa kinyumenyume 😭

Rukia: Kila mtu anapita hapo mara moja. Unabonyeza kwa mgongo, msomaji anasoma kwa mbele. Kiolezo cha herufi lazima ukibandike kioo kikiwa kimegeuzwa, wewe ukione kinyume, yeye akione sawa. Ua halina shida, herufi ndizo zinazodai.

Baba Mdogo Athumani: Zainab, usisikitike. Miaka niliyofundisha shule yenye wanafunzi wasioona niliona hivyohivyo. Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, ukiandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, unaanza kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume. Ukigeuza karatasi, nukta zimeinuka na mtoto anasoma kushoto kwenda kulia. Louis Braille, aliyeyabuni, aliumia jicho utotoni, akapofuka, na mwaka 1824 akiwa na miaka 15 alikuwa ameshapanga mfumo wake wa nukta sita. Alianza na kitu kilekile tunachofanya sisi wiki hii: karatasi iliyobonyezwa kwa nyuma.

Salum: Baba Mdogo, kwa nini tusimwandikie Bibi kwa hizo nukta?

Baba Mdogo Athumani: Kwa sababu hakujifunza. Aliyepoteza macho uzeeni vidole vyake havijazoea kusoma nukta, na kujifunza kunataka miezi. Lakini maua anayajua. Kuna somo moja tu tulichukue kule. Nukta ina kimo cha karibu nusu milimita, na kutoka nukta hadi nukta ni karibu milimita mbili na nusu. Watoto wanasoma hapo kwa sababu wamezoea. Kidole cha Mama hakijazoea, kwa hiyo mistari iachane zaidi, na iwe michache. Ua lenye majani kumi na mbili litakuwa zuri kwa macho, kwa kidole ni vurugu.

Rukia: Nimelinakili hilo Baba Mdogo. Hata mimi nanasi langu lina macho mengi mno. Napunguza.

Salum: Sasa wino unapita lini? Chai yangu imekauka, nimebinua upya, umesimama.

Rukia: Sasa hivi, na huu ndio utamu wenyewe. Chukua pedi ya muhuri, rangi yoyote. Kama ni mpya imelowa mno, ipigepige kwanza kwenye karatasi chakavu. Ishike bapa kabisa, iguse kadi na kuinuka, iguse na kuinuka. Usiburute, na usiielekeze kona chini. Mabondeni wino hautafika, utashika vilele tu. Mnyororo utajichora wenyewe mbele yako juu ya rangi ya chai. Mimi mpaka leo, kadi ya elfu na ngapi sijui, hapo huwa nashusha pumzi. Kisha iache usiku kucha, wino wa muhuri unachelewa kukauka na Bibi atatoka na vidole vya zambarau.

Salum: 📷 📷

Mama Nasra: Salum! Huu ni mlango wenyewe!

Zainab (Muscat): Dada, mgeni wa kwetu anaondoka huku Jumanne, nimpe vipi isije ikafika imelala?

Rukia: Kata maboksi mawili ukubwa wa bahasha. Upande wa ua weka sponji nyembamba au pamba, kisha boksi juu, funga kwa uzi. Mwambie aibebe mkononi, isiingie kwenye begi la nguo.

Zainab (Muscat): Na jina? Tunaandika nini?

Mama Nasra: Kila mtu la kwake. Kanga haziwi na jina moja.

*Alhamisi*

Shangazi Mwanakombo: Rukia, kadi zako za majaribio zimefika na basi la asubuhi, na ya Salum uliyoichanganya humo. Sikungoja Eid, mnisamehe. Nilimpa Mama nanasi baada ya chai. Akapita pindo kwanza, pande zote nne, akasema "hapa mwisho, na hapa mwisho." Akaingia mjini. Akakaa kimya muda. Akasema "nanasi. Hili la Rukia, yule alikuwa analia akinyimwa nanasi." Mimi sikumwambia kitu Rukia. Wallahi sikumwambia.

Rukia: 😭😭😭

Rukia: Nilikuwa na miaka minne.

Baba Mdogo Athumani: Alhamdulillah.

Salum: Na yangu Shangazi?

Shangazi Mwanakombo: Yako aliishika muda mrefu zaidi. Akasema "mkeka huu, mzuri, nani kausuka?" Pete za mnyororo zimesogeleana mno baba.

Salum: Basi narudia leo usiku. Pete tatu tu, kubwa, na nafasi ya milimita tano kati yake. Chai ipo jikoni tayari. Shangazi, usimwambie kuwa ni mlango.

Shangazi Mwanakombo: Simwambii.